Ulitazama nini saa nane usiku? Akaunti yako inakumbuka

Aprili 2017, Reed Hastings, mwasisi mwenza wa Netflix ambaye wakati huo ndiye aliyekuwa akiiongoza, alizungumza na wachambuzi wa masuala ya fedha kuhusu washindani wa kampuni hiyo. Miongoni mwao alitaja usingizi. Mtu akipata tamthilia anayoipenda hukesha nayo, kwa hiyo kampuni inagombea saa zake za kulala. Desemba ya mwaka huohuo, Netflix iliandika kwenye Twitter ujumbe wa kuwatania watu 53 ambao kwa siku 18 mfululizo walikuwa wametazama filamu ileile ya Krismasi kila siku. Hakuna aliyetajwa jina, lakini hesabu ilikuwa kamili: watu wangapi, filamu gani, siku ngapi.

Ukiziweka kauli hizo mbili pamoja unapata picha ya hali tuliyonayo. Anayeutaka usiku wako ndiye huyohuyo anayeuandika, na anauandika kwa usahihi ambao wewe mwenyewe huna. Muulize mtu mzima yeyote jana alizima simu saa ngapi. Atakwambia, "Kama saa nne hivi." Kumbukumbu ya kampuni haina "hivi".

Jambo ambalo wasomaji wengi hawalijui ni kwamba kumbukumbu hiyo wanaweza kuiona na kuipakua bila kumwomba mtu fadhila. Kanuni ya Umoja wa Ulaya ya ulinzi wa data, iliyoanza kutumika Mei 2018, inampa mtu haki ya kupewa nakala ya taarifa zake. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023 na inayosimamiwa na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Zote zinatambua haki ya mtu kujua kinachohifadhiwa kumhusu.

Kwa nini daktari anaandika habari hizi? Kwa sababu mgonjwa anayelalamika kukosa usingizi hutakiwa aandike daftari la usingizi kwa wiki mbili: alipanda kitandani saa ngapi, aliamka mara ngapi, aliinuka saa ngapi. Daftari hilo ni kipimo kizuri na ni cha bure, ila wengi hulijaza lote kwa mkupuo ndani ya daladala asubuhi ya siku ya miadi, kwa kalamu moja na kwa kubahatisha. Wakati huohuo, kwa mtu anayetazama video usiku, akaunti yake imekuwa ikijaza daftari jingine miezi na miaka bila yeye kujua. Halitoshi peke yake, lakini halisahau wala halimpendezi daktari.

Upatikanaji wake si mgumu. Kwa Netflix, tumia kivinjari cha simu au kompyuta, si programu iliyo kwenye runinga. Ingia kwenye akaunti, chagua wasifu wako, fungua sehemu ya historia ya kutazama. Utaona orodha ndefu ya majina na tarehe, na chini kabisa kuna mahali pa kuipakua yote kama faili linalofunguka kwenye Excel au Google Sheets. Faili hilo la haraka lina safu mbili tu, jina na tarehe. Kwa mambo ya usingizi halisaidii sana, maana halina saa.

Lenye saa ni lile kamili. Ndani ya mipangilio ya akaunti kuna sehemu ya kuomba nakala ya taarifa zako binafsi. Unaomba, unathibitisha kwa barua pepe, kisha unasubiri. Kampuni inasema inaweza kuchukua hadi siku 30. Ukifungua kifurushi kinacholetwa, tafuta faili la historia ya kutazama. Humo kila mstari una jina la wasifu, saa ulipoanza, muda uliotazama kwa saa, dakika na sekunde, kifaa ulichotumia na nchi uliyokuwamo.

Hapa kuna mtego. Saa zilizoandikwa humo ni za UTC, saa ya kimataifa, si za Dar es Salaam wala Nairobi. Sisi tuko mbele kwa saa tatu. Mstari unaosema 23:10 ya Jumanne, ambao mtu anaweza kuusoma kama saa tano usiku, kwetu ni 02:10 ya Jumatano, yaani saa nane na dakika kumi za usiku. Asiyeongeza saa tatu atajipongeza kwamba analala mapema, na tarehe zake zote za usiku wa manane zitakuwa nyuma kwa siku moja.

Kwa YouTube, ambayo kwa wengi wetu ndiyo runinga ya kweli, historia iko kwenye programu yenyewe, na nakala yake hupatikana kupitia huduma ya Google iitwayo Takeout. Nakala hiyo inaonyesha video gani ilifunguliwa na saa ngapi, ila haisemi uliitazama kwa muda gani. Kwa daktari bado inafaa. Video ya mwisho kufunguliwa usiku ni alama nzuri ya saa ambayo mtu alikuwa bado yuko macho.

Sasa usomaji. Chukua wiki mbili za kawaida, zisizo na msiba, safari wala Mwaka Mpya. Kwa kila usiku tafuta mstari wa mwisho, jumlisha saa ya kuanza na muda uliotazamwa, upate saa ya kuzima. Pembeni andika saa uliyoinuka kitandani. Usihesabu vionjo na matangazo ya filamu yanayojicheza yenyewe. Kwenye faili la Netflix yana safu yake inayoyatambulisha.

Mpangilio wa kwanza utakaouona, nao ndio wa watu wengi, ni mnyororo. Mtu ameanza saa tatu usiku, sehemu ya kwanza ikaita ya pili, ya pili ikaita ya tatu, na mstari wa mwisho unaishia saa saba na nusu. Saa kumi na moja na nusu alfajiri kengele ya simu inalia. Amebakiwa na saa nne. Mtu mzima anahitaji saa saba au zaidi, na anayeishi kwa saa nne kila siku anajiongezea hatari ya shinikizo la damu, kisukari, unene, msongo na ajali barabarani. Huyu akifika kliniki husema, "Daktari, sipati usingizi." Usingizi anaupata, ila hajaupa nafasi. Katika tiba hayo ni matatizo mawili tofauti kabisa. Ugonjwa wa kukosa usingizi ni pale unapokuwa na muda wa kutosha na mahali pazuri pa kulala, lakini bado unashindwa, walau siku tatu kwa wiki kwa miezi mitatu, na mchana unaathirika. Aliyekesha na tamthilia hahitaji kidonge. Na hapa ndipo ninapoona hatari, kwa sababu vidonge vya usingizi vinauzwa kwenye maduka ya dawa bila cheti cha daktari kwa urahisi wa kutisha. Baadhi, kama diazepam, mwili huvizoea, na kuviacha ghafla kuna madhara. Mtu anaweza kuanza dawa ya kulevya usingizi kwa tatizo ambalo lingeonekana kwenye safu moja ya faili lake.

Watu huniuliza sana kuhusu mwanga wa bluu wa simu. Ni kweli kwamba mwanga wa jioni hupunguza homoni ya melatonini na kusogeza mbele saa ya mwili. Lakini kwa maoni yangu miwani na vichujio vya mwanga vimepewa sifa kuliko vinavyostahili. Kinacholiwa zaidi ni muda wenyewe, na unaliwa kwa sababu sehemu inayofuata huanza kabla hujaamua. Kwenye mipangilio ya wasifu wa Netflix unaweza kuzima hali hiyo ya kujicheza. YouTube nayo ina swichi yake, pamoja na kikumbusho cha muda wa kulala. Ni sekunde chache za kazi, na nikiambiwa nichague kati ya hilo na miwani, nachagua hilo.

Kuna jingine linalosukuma mnyororo huu kwetu, nalo ni bando la usiku. Kampuni za simu huuza intaneti ya usiku wa manane hadi alfajiri kwa bei ya chini kuliko ya mchana. Kijana asiye na fedha ya bando la mchana anafanya hesabu yake vizuri tu, anasubiri saa sita. Kumhubiria mtu huyo juu ya nidhamu ya kulala bila kutaja bei ni kumwonea. Mamlaka zinazosimamia mawasiliano zinapozungumzia gharama za intaneti, sijawahi kusikia usingizi ukitajwa, na nadhani ungestahili kutajwa.

Mpangilio wa pili ni wa watu wachache zaidi, lakini ndio unaonifanya niweke kalamu chini na kusikiliza. Mstari wa mwisho wa usiku umeishia saa nne. Kisha kimya. Kisha mstari mpya umeanza saa tisa na dakika kumi na mbili. Kesho yake, saa tisa kasoro. Keshokutwa, saa tisa na robo. Nyumbani mtu huyu hulaumiwa: mume anasema ni simu, watoto wanasema mama ana uraibu wa tamthilia. Hapana. Simu haikumwamsha. Kuna kitu kilimwamsha, akaona giza ni refu, akawasha simu.

Kitu hicho ndicho cha kutafutwa. Je, aliamka kwenda haja ndogo? Mara ngapi? Sukari iliyopanda huamsha watu hivyo, na kwa wanaume wenye umri mkubwa tezi dume. Je, aliamka ametota jasho, na hedhi yake imeanza kuruka miezi? Joto la kipindi cha kukoma hedhi hupenda sana saa hizo, na wanawake wengi huteseka nalo miaka bila kujua kwamba lina tiba. Je, aliamka akitafuta hewa, akalazimika kukaa? Huo ni moyo mpaka ithibitishwe vinginevyo, na si jambo la kusubiri miadi ya mwezi ujao. Je, mwenza anasema anakoroma kisha pumzi inakatika, halafu anashtuka? Je, alikunywa pombe jioni? Pombe hulaza haraka, ikishaisha mwilini humwamsha mtu usiku wa manane. Na je, huamka mapema kuliko alivyozoea, moyo mzito, hamu ya chakula imekwisha, mambo aliyokuwa akiyapenda hayana ladha tena? Kuamka mapema kwa namna hiyo ni dalili ya sonona inayojulikana siku nyingi, na mtu anayetazama vichekesho saa kumi alfajiri anaweza kuwa mgonjwa kweli.

Ndiyo maana nasema saa ya kuanza ina thamani kuliko jumla ya saa zote. Makala nyingi za afya hujadili mtu ametazama saa ngapi kwa siku. Watu wawili wanaweza kuwa na saa tatu kila mmoja, wa kwanza akiwa anachelewesha usingizi na wa pili akiwa ameamshwa na kisukari.

Mpangilio wa tatu unachekesha kidogo. Mistari mirefu, sehemu baada ya sehemu mpaka karibu alfajiri, na mtu anaapa alilala saa tano. Mara nyingi anasema kweli. Runinga ilibaki ikicheza peke yake. Netflix huuliza kama bado unatazama baada ya muda wa kutoguswa, lakini si kila huduma ina adabu hiyo. Kwa hiyo usilichukue faili kama hakimu. Linarekodi kifaa, halioni macho. Vilevile wasifu mmoja ukitumiwa na shemeji, dada wa kazi na watoto, unachosoma ni usingizi wa ukoo mzima. Kwa walinzi, wauguzi, madereva wa malori na wengine wa zamu, hesabu ya usiku na mchana igeuzwe kulingana na zamu.

Kwa watoto nitasema machache. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2019, halipendekezi skrini kabisa kwa mtoto wa chini ya miaka miwili, na kwa wa miaka miwili hadi minne linasema isizidi saa moja kwa siku. Mwanafunzi wa miaka sita hadi kumi na miwili anahitaji usingizi wa saa tisa hadi kumi na mbili. Mtoto anayeamshwa saa kumi na moja alfajiri awahi basi la shule anatakiwa awe amelala saa mbili usiku ili apate hizo tisa za chini. Fungua historia ya wasifu wa mtoto, uone saa mbili usiku huwa kuna nini.

Kwa kijana wa sekondari suala ni gumu zaidi, kwa kuwa mzazi anaweza kukuta asichokitarajia. Netflix yenyewe, Julai 2019, iliondoa tukio la kujiua katika msimu wa kwanza wa tamthilia ya vijana ya 13 Reasons Why, baada ya ushauri wa wataalamu wa afya. Ukikuta kijana wako anatazama maudhui ya namna hiyo mara kwa mara usiku, usimsomee orodha kama hati ya mashtaka. Kaa naye, muulize hali yake, na muulize waziwazi kama amewahi kufikiria kujidhuru. Kuuliza hakumpandikizii wazo hilo. Mara nyingi humpa nafasi ya kusema. Akisema ndiyo, usimwache peke yake na mpeleke hospitali siku hiyohiyo.

Hilo linatufikisha kwenye upande wenye kiza wa faili hili. Historia ya kutazama ni taarifa ya afya hata kama haina neno hospitali. Wamarekani walilitambua jambo linalofanana na hili zamani. Mwaka 1987, jaji Robert Bork alipopendekezwa kuingia Mahakama ya Juu, gazeti moja la Washington lilichapisha orodha ya kanda za video alizokodi dukani. Hazikuwa na aibu yoyote, lakini wabunge walishtuka kwa kuona zamu yao inaweza kufika, na mwaka 1988 ikapitishwa sheria ya kulinda siri za wakodishaji wa video. Baadaye, mwaka 2006, Netflix ilitoa hadharani takriban alama milioni 100 ambazo wateja wake walizipa filamu, majina yakiwa yameondolewa, ili wataalamu washindane kuboresha mapendekezo. Watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Texas, Arvind Narayanan na Vitaly Shmatikov, walionyesha kwamba ukijua mambo machache tu kuhusu mtu unaweza kumtambua humo. Shindano la pili lilifutwa mwaka 2010.

Kwetu hatari iko karibu zaidi ya hapo, iko sebuleni. Akaunti moja ya Google imeunganishwa kwenye simu ya mama na kwenye runinga ya familia. Mama anatazama kwa siri, kwenye simu, video kuhusu dawa za kufubaza VVU, au uvimbe kwenye titi, au njia za uzazi wa mpango ambazo mumewe hazitaki. Jioni runinga inawashwa, na mapendekezo yanajipanga mbele ya wakwe. Sidhani kama kuna mhudumu wa afya aliyemwambia kwamba ushauri tuliompa, "katazame YouTube kuna maelezo mazuri," ungeweza kumtoa siri. Tunapaswa kuwaambia wagonjwa wetu. Tumia hali fiche ya programu, au simamisha historia kwa muda, au futa video moja moja. Pia unaweza kuiagiza Google ifute yenyewe vilivyozidi miezi mitatu. Netflix nayo inaruhusu kuficha kichwa kimoja kimoja, ila kinaweza kuchukua hadi saa 24 kuondoka kwenye vifaa vyote.

Faili ulilopakua lina hatari yake pia. Lile kamili la Netflix lina wasifu wote wa akaunti, kwa hiyo mwenye barua pepe na nywila anapata usiku wa kila mtu nyumbani. Usiende kulifungulia wala kulichapishia kwenye steshenari ya mtaani, ambako nakala hubaki kwenye kompyuta baada ya wewe kuondoka. Usilitume kwenye kundi la WhatsApp la familia kuthibitisha kwamba fulani ndiye mkeshaji. Mke au mume asilitumie kama upelelezi. Ukilifungua kwa hasira utapata cha kukasirikia.

Anayetaka kuja nalo kliniki aombe mapema, kwa kuwa siku 30 ni ndefu na miadi yetu nayo si mifupi. Kabla ya kuja, afute safu ya majina ya filamu na mistari ya wasifu wa wengine. Sihitaji kujua ulitazama nini. Nihitajicho ni ukurasa mmoja wa wiki mbili: tarehe, saa ya kuzima, saa ya kuwasha tena kama ipo, saa ya kuinuka, na pembeni kwa kalamu yako ni nini kilikuamsha, mara ngapi ulikwenda msalani, na kama ulikunywa pombe, kahawa au kidonge chochote, kikiwamo kile ulichopewa na jirani.